Colorado: mwinuko uliojificha chini ya vilele

Mahali pa chini kabisa katika jimbo la Colorado ni kando ya mto mdogo uitwao Arikaree, pale unapovuka mpaka kuingia Kansas. Hapana korongo wala jangwa, ni nyanda za nyasi na mifugo. Kipimo chake ni kama mita 1,011 juu ya usawa wa bahari. Sasa chukua Pennsylvania, jimbo la mashariki ambalo limepitiwa na milima ya Appalachia: kilele chake kirefu kuliko vyote, Mount Davis, kina mita 979. Yaani anayesimama bondeni Colorado amekwisha kumpita anayesimama kileleni Pennsylvania. Hakuna jimbo jingine la Marekani ambalo sehemu yake ya chini kabisa iko juu kiasi hicho.

Naanzia hapo makusudi. Wengi wanaoandika kuhusu Colorado hukimbilia Mount Elbert, kilele chake kirefu kuliko vyote, wakataja mita zake 4,401, wakaweka nukta. Takwimu hiyo ni ya kweli lakini haielezi mengi. California ina Mount Whitney yenye mita 4,421, Alaska ina Denali yenye mita 6,190, na bado jimbo linaloongoza Marekani kwa wastani wa mwinuko ni Colorado, takriban mita 2,070. Kinacholifanya jimbo hili liwe la pekee ni sakafu ambayo vilele vimesimama juu yake. Ukiielewa sakafu hiyo, utaelewa pia kwa nini mito minne mikubwa inaanzia hapo, na kwa nini majimbo saba na nchi jirani ya Mexico yanagombania theluji inayoanguka huko juu.

Tumtazame huyo Mount Elbert kidogo. Chini yake kuna mji wa Leadville, mji wa zamani wa wachimba madini, uliojengwa karibu mita 3,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo kutoka barabara za mji hadi kileleni tofauti ni kama mita 1,300 tu. Linganisha na Kilimanjaro: Moshi haifiki mita 1,000, na Kibo ina mita 5,895. Mtu wa Moshi akipelekwa Leadville akaoneshwa mlima mrefu kuliko yote ya safu ya Milima ya Rocky, ana haki ya kuuliza mlima wenyewe uko wapi. Ataona mgongo mpana uliolala, wala hautishi. Lakini kabla hajaufikia ameshapanda kilomita tatu bila kujua, na mwili wake utamwambia: pumzi fupi, kichwa kinagonga, usingizi wa kukatika. Maji pale huchemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100, kwa hiyo asiye na sufuria ya presha na apike maharage kwa subira.

Hewa hiyo nyembamba ndiyo inayowavuta wanariadha. Colorado Springs iko juu kidogo ya mita 1,800, na karibu yake ipo kambi ya jeshi ya Fort Carson, makao ya programu ya wanariadha wa jeshi la Marekani. Paul Chelimo, mzaliwa wa Kenya aliyeshinda medali ya fedha ya mita 5,000 kwa Marekani mjini Rio mwaka 2016, alikuwa askari katika programu hiyo. Kwa wakimbiaji waliozoea Iten, yenye mita 2,400 hivi, Colorado Springs ni kama kushuka mlima.

Sakafu hiyo ilipandaje? Miaka milioni 70 hivi iliyopita sehemu kubwa ya Colorado ilikuwa chini ya bahari. Bahari ya ndani iliyopasua Amerika Kaskazini katikati ilifunika pale panapoitwa Denver leo, na mpaka sasa makombe ya viumbe wa baharini yanachimbuliwa kwenye miamba ya tope la kale. Kisha ardhi ikaanza kubanwa. Bamba la chini ya Bahari ya Pasifiki, ambalo wanajiolojia wanaliita Farallon, lilikuwa likizama chini ya bara. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba badala ya kuzama kwa mteremko mkali, bamba hilo lilipita karibu kilalo chini ya bara, likasukuma na kuinua ardhi mbali sana na pwani. Ndiyo maana Milima ya Rocky ya Colorado iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini, tofauti na safu nyingi zinazozaliwa kandokando ya pwani. Awamu hiyo, iitwayo Laramide, ilikwisha takriban miaka milioni 40 iliyopita.

Lakini kubanwa kule kunaeleza milima, hakuelezi nyanda. Mashariki ya Denver hakuna mkunjo wala kilele, na bado ardhi iko juu. Ukisafiri kwa gari kutoka Kansas City kwenda Denver, karibu kilomita 970, unapanda zaidi ya mita 1,300 na hutaona mlima mpaka mwisho wa safari. Sehemu ya jibu ni mashapo: kwa mamilioni ya miaka mito ilibeba mchanga na kokoto kutoka milimani na kuzitandaza mashariki, hivyo nyanda hizo kwa kiasi fulani ni vifusi vya Rocky yenyewe. Sehemu nyingine ni kwamba eneo zima, milima na nyanda kwa pamoja, liliinuliwa kutoka chini. Lini hasa, na kwa nguvu gani, ndipo wataalamu wanapovutana. Wapo wanaosema sehemu kubwa ya mwinuko ilikuwapo tangu zamani, na wapo wanaosema joto la tabaka za chini limeongeza kimo katika miaka milioni 10 ya mwisho. Hoja za kila upande zina uzito wake.

Kabla hatujafika kwenye mito, kuna fumbo la vipimo vyenyewe. Denver hujiita mji ulio maili moja juu, yaani mita 1,609. Alama ya maili hiyo iko kwenye ngazi za jengo la serikali ya jimbo. Au tuseme alama, maana ziko tatu. Mwaka 1909 waliiweka kwenye ngazi ya 15. Mwaka 1969 wanafunzi wa Colorado State University wakapima upya, wakasema hapana, ni ngazi ya 18. Mwaka 2003 vipimo vipya vikaishusha hadi ya 13. Jengo halikusogea. Kilichobadilika ni hesabu ya wapi uko usawa wa bahari chini ya mahali ambapo bahari haipo. Bahari iliyo karibu iko zaidi ya kilomita 1,000. Wapima ardhi hulazimika kuukadiria uso wake kana kwamba ungepita chini ya bara, na uso huo si tambarare kwa sababu mvutano wa dunia haulingani kila mahali. Marekani ilitumia msingi wa vipimo wa mwaka 1929 kwa muda mrefu, kisha ikahamia ule wa 1988, na Colorado nzima ikapanda mita moja au mbili kwenye karatasi. Mount Elbert ukatoka mita 4,399 hadi 4,401 bila kuongezewa jiwe hata moja.

Kuhusu kuongezewa mawe, jirani yake Mount Massive unapungukiwa na mita zisizofika nne tu. Inasimuliwa kwamba mashabiki wake waliwahi kurundika mawe kileleni ili uwe wa kwanza, na mashabiki wa Elbert wakapanda kuyabomoa. Nacheka, lakini nawaelewa.

Hesabu ya vilele nayo ina utata wake. Wapanda milima wa Colorado wana orodha yao takatifu: vilele vinavyopita futi 14,000, yaani mita 4,267. Ukiuliza viko vingapi, mmoja atasema 53, mwingine 58, na wote wawili hawakosei. Kanuni inayotumiwa sana inadai kilele kiwe kimeinuka angalau futi 300, kama mita 91, kutoka kwenye tandiko linalokiunganisha na kilele jirani kilicho kirefu zaidi. Kisipofikisha, ni nundu ya mlima mwingine. Mount Cameron una jina na una futi zake 14,000 na ushei, ila umekaa ubavuni mwa Mount Lincoln bila kujitenga vya kutosha, basi wengine wanauhesabu na wengine wanauruka. Mpaka wenyewe wa futi 14,000 hauna msingi wowote wa kijiolojia. Kama Wamarekani wangepima kwa mita, bila shaka wangechagua 4,000, na orodha ingekuwa na mamia ya vilele, pengine bila mtu yeyote wa kuimaliza likizo kwa likizo.

Majina hayatulii pia. Mlima unaoonekana magharibi ya Denver uliitwa Mount Evans kwa zaidi ya karne, jina la John Evans, gavana wa enzi Colorado ilipokuwa bado si jimbo. Ni wakati wa utawala wake, Novemba 29, 1864, wanajeshi walipoua Wacheyenne na Waarapaho zaidi ya 150 huko Sand Creek, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Mwaka 2023 mlima ukapewa jina jipya, Mount Blue Sky, linalohusiana na makabila hayo mawili.

Sasa maji. Uti wa mgongo wa Rocky ndio unaogawa maji ya Amerika Kaskazini: tone la upande wa magharibi linaelekea Pasifiki, la upande wa mashariki linaelekea Atlantiki kupitia Ghuba ya Mexico. Wasomaji wa Rwanda na Burundi wanaijua hali hiyo kwa macho, maana mgongo wa Nyungwe na Kibira hutenganisha maji ya Kongo na ya Naili. Wengi hudhani mlima mrefu kuliko yote lazima uwe kwenye mstari huo. Sivyo. Mount Elbert umekaa pembeni, upande wa Atlantiki. Kilele kirefu zaidi kilicho juu ya mstari wenyewe ni Grays Peak, mita 4,352. Mstari haufuati urefu, unafuata njia ambayo maji hayawezi kuivuka, na mara nyingi hupita kwenye mapito ya chini na kuviacha vilele vikubwa kando. Chini yake limetobolewa handaki la magari la Eisenhower, lililofunguliwa 1973 karibu mita 3,400 juu ya bahari. Ndani ya kilomita 2.7 gizani, dereva anahama kutoka upande wa bahari moja kwenda upande wa nyingine.

Kwa kuwa sakafu iko juu kuliko majirani wote, karibu maji yote hutoka na karibu hakuna yanayoingia. Mto Green hupita tu kwenye pembe ya kaskazini-magharibi na kurudi Utah. Mito minne ndiyo inayohesabiwa mikubwa. South Platte hupita Denver na kwenda kukutana na nduguye Platte ya Kaskazini huko Nebraska. Arkansas huanzia karibu na Leadville na kusafiri zaidi ya kilomita 2,300 hadi Mississippi. Rio Grande hutoka milima ya San Juan, milima iliyojengwa na volkano kubwa mno miaka milioni 28 hivi iliyopita, na baadaye huwa mpaka wa Texas na Mexico. Wa nne ni Colorado, ambao huanzia kwenye pito la milimani liitwalo La Poudre Pass, mita 3,100 hivi, na kuelekea kusini-magharibi kwa kilomita 2,330.

Huo wa nne una kisa cha kisiasa. Hadi 1921 sehemu yake ya juu iliitwa Grand, na mto Colorado ulihesabiwa kuanza Utah, pale Grand inapokutana na Green. Mbunge Edward Taylor wa Colorado hakuvumilia mto wenye jina la jimbo lake uanzie jimbo la watu, akalishawishi Bunge la Marekani libadilishe. Green, ambao kwa kweli ndio mrefu zaidi kati ya hiyo miwili, ukabaki kuwa tawi. Jina la kale limesalia kwenye ziwa Grand Lake na mji wa Grand Junction.

Kuna bonde moja linaloharibu mchoro huu mzuri wa mito inayotiririka nje. Bonde la San Luis, kusini mwa jimbo, ni pana na karibu tambarare, mita 2,300 hivi juu ya bahari, na nusu yake ya kaskazini haina mto unaotoka. Vijito vinashuka kutoka milima ya Sangre de Cristo, vinazama mchangani, basi. Upepo umekusanya mchanga wa bonde hilo chini ya milima hiyo ukajenga vilima vya mchanga vinavyofika mita 225, virefu kuliko vyote Amerika Kaskazini. Mtu wa Afrika Mashariki akisikia bonde tambarare lenye kuta za milima na maji yasiyo na njia ya kutoka, atakumbuka Bonde la Ufa, na hatakuwa amekosea: San Luis ni sehemu ya ufa halisi, uitwao wa Rio Grande, mahali ambapo bara linavutwa na kunyooka, ingawa huu unakwenda polepole sana kuliko wetu. Ufa huo unaendelea kaskazini hadi maeneo ya Leadville. Safu ya Sawatch, yenye Elbert na Massive, na safu ya Mosquito iliyo ng'ambo yake, zilikuwa kuba moja la mwamba kabla ya ufa kulipasua katikati. Arkansas ya juu inatiririka humo humo katika mpasuko, ikielekea kusini kana kwamba inakwenda San Luis, kisha karibu na mji wa Salida inageuka mashariki na kukata mwamba mgumu wa Royal Gorge. Ramani inayoonekana kama vurugu inaanza kusomeka ukiuona huo ufa.

Tatizo la binadamu ni kwamba theluji na watu havikukaa upande mmoja. Mawingu hutoka Pasifiki, yakipanda milima yanapoa na kuangusha mzigo wake, yakivuka mgongo yamebaki makavu. Kwa makadirio yanayorudiwa siku zote, asilimia 80 ya maji ya Colorado huangukia magharibi ya mgongo, huku idadi kubwa ya watu, Denver na miji jirani, wakiishi mashariki. Suluhisho lilikuwa kuulazimisha mto upande mlima. Mfereji wa Grand Ditch ulianza kuchimbwa 1890 na kukamilika 1936. Unayakinga maji yaliyokuwa yaingie mto Colorado karibu kabisa na chanzo chake na kuyavusha La Poudre Pass, ili yaende South Platte. Handaki la Alva B. Adams, kilomita 21 chini ya hifadhi ya Rocky Mountain, lilianza kupitisha maji 1947. Handaki la Roberts, kilomita 37, lilikamilika 1962 kwa ajili ya Denver. Maji yaliyoumbwa kwenda Pasifiki sasa yanamwagilia mahindi na kujaza mabomba upande wa Atlantiki.

Sheria iliruhusu hayo mapema. Katiba ya Colorado ya 1876 iliweka kanuni kwamba aliyetangulia kuyatumia maji ana haki ya kwanza, na mwaka 1882 mahakama kuu ya jimbo, katika kesi ya Coffin dhidi ya Left Hand Ditch, ikasema haki hiyo haikomi kwenye kingo za mto. Maji yanaweza kubebwa hadi bonde jingine. Kanuni ilishikiliwa kwa ukali kiasi kwamba hadi 2016 mwenye nyumba wa kawaida hakuruhusiwa kukinga maji ya mvua kutoka bati lake, kwa hoja kwamba tone hilo tayari lina mwenyewe huko chini. Sasa anaruhusiwa mapipa mawili, jumla galoni 110, kama lita 416. Kwetu tuliozoea kukinga kila mvua, hilo peke yake linatosha kuonesha maji ni nini huko.

Mwaka 1922 majimbo saba yaligawana mto Colorado kwa mkataba: yale ya sehemu ya juu ya mto yapate mita za ujazo bilioni 9.25 kwa mwaka, na ya chini kiasi hicho hicho. Mexico ikaongezewa bilioni 1.85 kwa mkataba wa 1944. Tatizo ni kwamba vipimo vilivyotumika mwaka 1922 vilitokana na miaka ya mvua nyingi kuliko kawaida, na makabila ya wenyeji hayakuitwa mezani. Tangu 2000 mto umeleta pungufu sana ya kilichoandikwa. Hewa ikiwa na joto zaidi, theluji huyeyuka mapema, na udongo uliokauka hunywa sehemu yake kabla haijafika mtoni, hivyo hata mwaka wa theluji ya wastani unaweza kuzaa mto mwembamba. Katika miaka mingi maji hayafiki kabisa kwenye delta yake ya zamani huko Mexico. Kanuni za muda za kugawana upungufu, zilizowekwa 2007, zilipangiwa kuishia 2026.

Majimbo manne ya juu yalipogawana sehemu yao mwaka 1948 hayakuandika ujazo, yaliandika asilimia, kwa kuwa hayakuwa na hakika mto ungebakiza kiasi gani. Colorado ilipewa asilimia 51.75. Asilimia ya nini, hilo linaanza kujulikana karibu Aprili mosi, wakati vituo vya milimani vinapotoa kipimo cha maji yaliyomo kwenye theluji, na wakulima wa Arizona na California, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo na karibu na usawa wa bahari, wanakisoma kwa makini kuliko wapanda milima wa Leadville.